Ujumbe Uliosema Kesho

Jumapili, 8 Septemba

Daftari jipya, msimu mpya. Shule yangu ni darasa la nne, lakini kila msimu wa kupanda naandika, maana ukiiacha mvua ijisimulie yenyewe itakudanganya.

Leo baada ya misa kikundi chetu cha wafuga kuku hapa Kasulo kimenikabidhi simu ya kupangusa. Mwenyekiti ni mimi, nani mwingine angeishika? Petronila alitaka ikae kwake kwa sababu ana umeme wa jua. Nikamwambia, "Petronila, kiswaswadu chako cha vitufe tu umekifunga kwa mpira wa baiskeli ili betri isianguke. Hii ya kioo utaifunga kwa nini?" Wanawake wakacheka. Petronila naye akacheka. Hana kinyongo yule, ndiyo maana watu tunamzoea vibaya.

Programu iliyomo ndani ameitengeneza mjukuu wangu Verediana, aliyesomea kompyuta Mwanza. Kazi yake ni moja. Kesho ikiwa ni siku ya chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, basi leo saa kumi na mbili jioni simu yenyewe inawatumia ujumbe wanakikundi wote: fungieni kuku, mchanjaji anakuja. Vikundi vya Kibimba na Bukiriro vinatutazama. Mambo yakienda vizuri nao wataichukua, na Verediana atapata kazi ya kudumu karibu na nyumbani. Najivuna naye. Sikumwambia, atavimba kichwa.

Jumanne, 10 Septemba

Vumbi. Mvua hakuna. Nimemgombeza kila aliyepita njiani.

Ijumaa, 13 Septemba

Verediana alikaa na simu mkekani, akaniuliza, "Bibi, kwenye ujumbe wa chanjo niandike 'Jumamosi tarehe ishirini na moja asubuhi'?"

"Andika 'kesho asubuhi'. Hawa wanawake tarehe wanayoijua ni ya Krismasi tu."

"Lakini 'kesho' ni neno linalotembea, Bibi. Mtu akichelewa kulisoma, si kesho ileile tena."

"Ulikwenda Mwanza kusomea hilo? Andika kesho."

Akaandika. Ameondoka kwenda Kibimba kuwafundisha wale wa kikundi cha huko. Simu nimeifungia kabatini pamoja na rozari.

Jumatatu, 16 Septemba

Simu hii ina kiburi. Leo saa nne asubuhi, jua limeshakaza, naitazama inaniambia kumi. Kumi ya nani? Saa kumi ya alfajiri nilikuwa nimelala, saa kumi ya jioni mbuzi wanarudi. Verediana alisema nitoe sita kichwani. Saa ya ukutani ina mishale, unasoma upande wa pili wa mshale, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Hii haina mshale. Nisome upande wa pili wa nini?

Nikapapasa mpaka penye picha ya gurudumu la meno. Humo ndani nikakuta saa, na mahali pameandikwa kwamba saa ijiweke yenyewe. Nani aliipa ruhusa? Nikaizima, nikazisogeza tarakimu mpaka ikasema nne. Sasa inasema kweli kama mtu mzima. Wala sikumwita mtu.

Jumatano, 18 Septemba

Simu inasema mbili, nami nakunywa chai ya saa mbili. Tumeelewana.

Jumamosi, 21 Septemba

Siku mbaya.

Mchanjaji wetu ni Shilinde, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wake. Mimi nilikuwa simpendi. Ng'ombe wale walipita kwenye mihogo yangu mwaka juzi, akaja kuomba radhi akiwa anacheka. Leo alifika kabla jua halijatoka, kasha la barafu limefungwa nyuma ya pikipiki.

"Shikamoo, mayu." Kwao mama ni mayu.

"Marahaba. Umechelewa."

"Jua bado, mayu."

"Basi umewahi. Usinijibu."

Kuku wangu walikuwa ndani, kwa sababu Alhamisi tulikutana sokoni akaniambia kwa mdomo wake. Akachanganya dawa, akawatia tone jichoni mmoja mmoja, mimi nikiwashika. Dawa hiyo ikishachanganywa haingoji. Tukakimbilia nyumba za jirani.

Kila nyumba, banda wazi. Kuku wametapakaa mashambani, wengine wameshavuka hadi kwenye mabonde. Kwa Petronila tulimkuta anafagia uwanja.

"Kuku wako wako wapi?" nikamfokea.

"Shikamoo, mwenyekiti. Si wamekwenda kutafuta?"

"Hukupata ujumbe?"

"Nimeupata. Nimeusoma nilipoamka leo." Akanionyesha kiswaswadu chake. Pameandikwa: Kesho asubuhi msifungulie kuku. "Leo ni Jumamosi. Kesho ni Jumapili. Nikasema baada ya misa ya kwanza nitawahi."

Kila tulikopita jibu lilikuwa lilelile. Wote waliusoma leo asubuhi, wote wakahesabu kesho yao. Tulijaribu kuwakimbiza kuku. Shilinde na ukubwa wake alianguka kwenye shimo la takataka, hakuna aliyecheka. Jua lilipopanda akaimwaga dawa chini. Alisema chupa nyingine itakuja Januari.

Wakanizunguka. "Mwenyekiti, hii programu vipi?" Nikawajibu kwa sauti, wote wakasikia, "Programu ya mtoto imekosea. Vijana wanasoma nusu nusu."

Jumapili, 22 Septemba

Verediana amepiga simu kutoka Kibimba. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia.

"Bibi, fungua programu. Pameandikwa ujumbe umetoka saa ngapi?"

"Pameandikwa Ijumaa, sita."

"Sita jioni. Ndiyo saa yenyewe niliyoipanga. Sasa mbona wote wameupata asubuhi? Labda saa ya simu ina tatizo. Kesho nakuja niiangalie."

Akakata. Nikabaki naitazama ile sita. Yeye alisikia sita ya kompyuta, ya jua kuzama. Lakini simu ilikuwa imeshika saa yangu. Sita yangu mimi ni saa sita ya usiku. Ujumbe ulitoka watu wamelala, Ijumaa imeshakwisha, na ile "kesho" imeshakuwa leo.

Nilijua pale pale. Nisijifanye hapa kwamba sikujua.

Nikaenda kwenye gurudumu la meno, nikaiwasha ile ya kujiweka yenyewe. Saa ikaruka kama panzi, ikarudi ya kizungu. Nikaifuta simu kwa kanga, nikairudisha kabatini.

Jumatatu, 23 Septemba

Amekuja. Amekaa na simu tangu asubuhi, hakula. Petronila alikuja na kiswaswadu chake kumsaidia.

"Bibi, simu ya kikundi inasema ujumbe ulitoka Ijumaa jioni. Ya mama Petronila inasema umeingia saa sita usiku wa kuamkia Jumamosi. Moja inadanganya. Kuna mtu aligusa saa ya hii?"

"Nani aguse? Inalala kabatini kwangu."

"Una uhakika?"

"Unaniuliza mimi kama unauliza mwizi? Simu ya Petronila ndiyo mbovu. Betri ikidondoka inarudi mwaka ilipotengenezwa."

Verediana akamtazama Petronila. Petronila akakigeuza kiswaswadu chake, akauvuta ule mpira wa baiskeli, akasema polepole, "Labda ni kweli, mwanangu. Hiki changu kina mambo yake."

Alinikubalia uongo wangu. Angebisha ningepata nguvu ya kugombana naye.

Jumamosi, 28 Septemba

Mvua ya kwanza. Tumepanda maharage upande wa juu.

Jumanne, 8 Oktoba

Kideri kimeingia. Petronila alinijia mapema, hakupiga hodi, alisimama tu uani. Nikamfuata. Kuku wake wamejikunyata, mabawa chini, wanaharisha kijani. Jogoo mmoja shingo imepinda mpaka kichwa kinatazama mgongoni, anazunguka mahali pamoja kama anatafuta kitu alichoangusha.

"Hawa ndio wananilisha, mwenyekiti. Mimi sina mume, sina shamba la maana. Nina hawa."

Nilijua. Nani hajui?

Nimerudi nyumbani. Kuku wangu wanachakura uani, manyoya yanang'aa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Petronila amebaki na banda tupu. Kwa wengine amebaki mmoja, wawili. Tumechimba shimo moja kubwa nyuma ya kisima cha zamani, mvua inatunyeshea, tukawafukia. Mama mmoja akasema, si kwa kunong'ona, "Mjukuu wako ametuulia kuku." Verediana alikuwa pale pale na jembe. Akainamisha kichwa. Wakanitazama mimi, bibi yake, wakisubiri nimtetee.

Nikasema, "Ndiyo hivyo. Ukimpa mtoto kazi ya mtu mzima."

Mdomo huu ulisema hivyo.

Jogoo wangu akawika. Kutoka kule shimoni anasikika vizuri sana.

Jumapili, 13 Oktoba

Misani sikukomunika, nilibaki nimekaa wenzangu walipokwenda kupokea ekaristi. Waliponiuliza nikasema meno yananiuma.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua. Palizi haijaanza. Nilimkuta Verediana na kompyuta yake, anasoma mistari ileile ya programu, kidole kinafuata kama mtoto anayejifunza a e i o u.

"Tafuta kazi nyingine uifanye," nikamwambia.

"Natafuta kosa langu, Bibi."

Nikatoka nje nikampiga mbuzi asiye na hatia.

Ijumaa, 1 Novemba

Kibimba wamekataa programu. Bukiriro hata hawakujibu. Verediana anapalilia nami, anafanya kazi kama mtu anayelipa kitu.

Adhuhuri tulipumzika chini ya migomba. Akasema, "Nilidhani ni mnara wa simu wa ng'ambo ya mto. Rwanda wao wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu zetu huku wakati mwingine zinanasa mnara wao. Saa inarudi nyuma bila mtu kujua."

Nikadakia, "Ndiyo hiyo! Ni Wanyarwanda!"

"Hapana, Bibi. Hiyo ni saa moja tu. Ingekuwa hiyo, ujumbe ungefika saa moja usiku, watu wako macho wanapika."

Akaendelea kula ndizi. Nilitamani mto wote wa Kagera ubebe lawama yangu, umekataa.

Jumanne, 5 Novemba

Palizi. Mgongo.

Jumamosi, 9 Novemba

Amejua.

Alirudi kwa Petronila leo kuazima kile kiswaswadu. Aliporudi, mimi nilikuwa napepeta mtama. Akakaa mbele yangu, hakuanza na salamu.

"Bibi, ulisema simu ya mama Petronila ikidondoka betri inapoteza saa. Ni kweli. Lakini saa inayoandikwa juu ya ujumbe haitoki kwenye simu yake. Inatoka mnarani. Betri ingedondoka mara mia, saa ya ujumbe haibadiliki. Simu yake ilisema kweli."

Nikaendelea kupepeta.

"Basi iliyodanganya ni yetu. Ilikuwa nyuma kwa saa sita. Nimetafuta huku na huku, Bibi. Hakuna jirani yetu aliye nyuma kwa saa sita. Si Rwanda, si Burundi. Hakuna mnara wa saa sita." Akaokota punje ya mtama chini. "Wenye tofauti ya saa sita ni sisi tu, tunaposema saa kwa Kiswahili."

Ungo ukanitoka mkononi. Mtama wote ukamwagika, kuku wangu wakaja mbio, wazima, wanene, wakaanza kula.

Alinisubiri niseme. Nilifukuza kuku. Ndicho nilichofanya. Nilipiga kelele, "Shii! Shii!" mpaka akainuka akaenda ndani.

Jumatano, 13 Novemba

Hajasema kwa mtu. Ananiamkia kila asubuhi, "Shikamoo, Bibi," nami naitikia marahaba, na kila marahaba ina uzito wa gunia.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Nimechinja jogoo. Nyama nimemwachia Verediana.

Jumapili, 5 Januari

Maharage yamekauka vizuri, tunang'oa. Verediana ameniambia atakwenda Biharamulo, shangazi yake ana duka la vitenge anataka mtu wa kukaa. Kabla ya kwenda atasimama kwenye mkutano wa kikundi aombe radhi.

"Radhi ya nini?" nikamuuliza. Sauti yangu mwenyewe niliisikia ilivyo ndogo.

"Kosa langu lipo, Bibi. Nilisimika saa kumi na mbili, sikusema kumi na mbili ya wapi. Nikaiacha ifuate simu yoyote, iliyogeuzwa na isiyogeuzwa. Saa isiyo na kwao ni kama mgeni asiyejitambulisha, kila mtu anampokea anavyotaka. Mwalimu wangu alitufundisha hilo wiki ya kwanza, nikalidharau."

"Na lingine?"

"Lingine nani ataliuliza? Mimi naondoka. Wewe unabaki nao."

Mtoto niliyembeba mgongoni sasa ananibeba yeye. Ningefurahi kama angenitukana.

Jumapili, 12 Januari

Mkutano ulikuwa chini ya bati la ghala. Verediana akasimama, akaeleza lile la saa isiyo na kwao. Wengi hawakuelewa, walielewa tu kwamba anasema kosa ni lake. Mama mmoja akasema, "Msomi wa kuua kuku." Wengine wakaguna kukubali. Petronila hakuguna. Alikuwa anatazama miguu yake.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mwenyekiti, kile chenye mto. Nikasimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuzunguka, kwamba sisi wazee, kwamba teknolojia, kwamba shetani. Yote yalipotea.

"Saa niliigeuza mimi," nikasema. "Simu ilikuwa inasema kumi, mimi naijua nne. Nikaigeuza. Ujumbe ukatoka saa sita usiku. Mtoto huyu aliponiuliza, nilikuwa nimeshairudisha asijue. Na hilo neno 'kesho' nililazimisha mimi. Yeye alitaka tarehe."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akadhani ni utani wangu. Aliyekaa karibu naye akamvuta mkono.

Shilinde alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Hakunitazama kwa dharau. Angeweza, nilishamtukana vya kutosha.

Petronila akainua uso. "Mwenyekiti, nikuulize moja."

"Uliza."

"Siku ile uliposema simu yangu ni mbovu, ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema sikuwa na uhakika. Nililiona hilo neno, lilikuwa karibu sana na mdomo.

"Nilikuwa najua."

Akajifunga kanga vizuri, akatoka. Nilimwona anavuka barabara mpaka akapotea kwenye migomba.

Kiti cha mwenyekiti nimekiacha pale pale. Hakuna aliyeniambia nirudi.

Jumatatu, 13 Januari

Nilidhani Verediana atanishukuru. Mjinga mimi. Amenifokea mpaka mbuzi wakasimama.

"Kwa nini hukuniambia unataka saa ya Kiswahili? Ningekutengenezea kwa siku moja, Bibi! Siku moja! Kuku wote wale wamekufa kwa kitu cha siku moja!"

"Nani angejua kwamba inatengenezeka?"

"Mimi! Mimi ndiye niliyejua! Ulikuwa na mimi humu ndani!"

Nikachukua kamba, nikaenda kuwafunga mbuzi.

Jumanne, 14 Januari

Nimempelekea Petronila matetea wanne. Aliwatazama kwenye tenga.

"Hawa ndio waliochanjwa siku ile?"

"Ndio."

"Rudi nao." Hakuniamkia, wala hakuniita mwenyekiti. Kwani mimi ni mwenyekiti wa nani?

Alhamisi, 16 Januari

Shilinde amepita kutoka Kibimba. Huko nako ndiye anayechanja. Amewasimulia yote bila kuongeza chumvi, nao wanamtaka Verediana tena. Nikamkaribisha uji, akanywa vikombe vitatu, mkubwa vile. Nikamwambia ng'ombe wake wana adabu kuliko mimi. "Hao ng'ombe unawasingizia, mayu," akasema.

Verediana amekaa na kompyuta mchana kutwa. Ameifundisha programu kwamba iko Tanzania na saa iulize mnarani, hata mtu akiizungusha simu mpaka saa izimie, yenyewe inajua kwao. Na ujumbe hauna "kesho" tena, una siku na tarehe. Safari ya Biharamulo haijatajwa leo. Siulizi.

Ijumaa, 17 Januari

Saa kumi na mbili jioni, jua linazama, simu ililia kwa Verediana. Chanjo, Jumamosi tarehe 18 Januari, asubuhi. Nikasikia viswaswadu vinalia nyumba kwa nyumba, kama vyura.

Jumamosi, 18 Januari

Nimemwomba Shilinde nitembee naye nimshikie kuku. Akasema mgongo wako, mayu. Nikamwambia mgongo wangu unakuhusu nini. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Kila banda lilikuwa limefungwa. Wanawake walinipa kuku mkononi bila neno, wengine wakasema asante kwa Shilinde tu. Ni haki.

Kwa Petronila, mlango ulikuwa umefungwa. Nilisikia kuku ndani, mmoja, nasikia kapewa na dada yake wa Bukiriro. Shilinde alikuwa nyuma anachanganya dawa. Nikapiga hodi.

"Nani?"

"Ni mimi, Adventina."

"Adventina gani?"

Kasulo nzima Adventina ni mmoja. Analijua hilo. Nami nilijua anachotaka.

"Aliyegeuza saa."

Nikasikia anamshika kuku, kuku analalamika.

"Huyo namjua," akasema Petronila kutoka ndani. "Mwambie asubiri hapo nje."

Nikasubiri.